Mwezi ukienda zake, bamvua litabaki?

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima mwani hapa Mlingotini, Bagamoyo. Mwanangu kasoma kwamba mwezi unatukimbia. Bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka mbali, likifa, shambani nitaingiaje?
Mama wa Mwani

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao kasema kweli. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo mwezini. Wataalamu huvimulika kwa leza na kupima muda wa mwanga kurudi. Mwezi husogea mbali nasi sentimita 3.8 kwa mwaka.

Na anayeusukuma ni bahari yenyewe! Dunia hujizungusha upesi kuliko mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo maji yaliyovutwa na mwezi hutangulia mbele yake kidogo. Maji hayo huukokota mwezi, nao ukapanda njia ya mbali zaidi. Dunia nayo hupunguza mwendo, siku ikarefuka kiduchu mno.

Lakini kwa miaka 100 ni mita 3.8 tu, na mwezi uko kilomita 384,400. Tena katika kila mzunguko wake, mwezi hutukaribia na kwenda mbali kwa wastani wa kilomita 40,000 hivi, nawe hujalalamika. Mwezi mwandamo au mpevu ukiangukia siku za ukaribu, maji hutoka mbali kweli. Siku hizo kazia vigingi vya huko mbele.