Wageni 15 wa Idi kwenye sebule ndogo

Dada yangu, umeuliza utawakalisha wapi wageni 15 wa Idi bila kukopa makochi. Usikope. Kazi yangu ni kupamba nyumba, na jambo la kwanza ninalofanya sebuleni ni kutoa vitu. Hamishia meza ya kati na kochi moja chumbani, tandika mikeka ya ukindu ukuta hadi ukuta, kisha panga mito kandokando. Huna foronya nzuri? Shona za kanga, ila chagua rangi mbili tu. Zikizidi, chumba kidogo kinaonekana kimejaa kabla watu hawajaingia.

Jioni zima ile taa nyeupe ya darini, washa ya pembeni yenye mwanga wa manjano. Udi fukiza mapema, moshi utulie. Asumini weka kwenye kisahani karibu na mlango, hunukia zaidi usiku.

Visheti na kashata tengeneza siku mbili kabla. Sosi ya biriani ipike usiku wa kuamkia Idi, asubuhi ubaki na wali tu. Pakua kwenye masinia, watu wanne wanne. Na birika la kunawia mpe kijana mmoja alizungushe, wewe ukae na wageni wako.