Maswali na majibu: Wayahudi ndani ya kambi za Wanazi

Mwezi uliopita safu hii iligusia Auschwitz, kambi ya Wanazi katika Poland, kwa aya moja tu, maswali yakafuatana. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Kambi zote si zilikuwa za kuua? Mbona wengine walitoka hai? (Msomaji, Tanga)

Hazikuwa za aina moja. Dachau ilifunguliwa Machi 1933, na waliotangulia kutiwa humo walikuwa hasa wapinzani wa kisiasa: wakomunisti, wasoshalisti, viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Wayahudi walianza kukamatwa kwa maelfu, kwa kosa la kuwa Wayahudi tu, Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa moto Ujerumani nzima. Wanaume wapatao 30,000 walipelekwa Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Wengi wao waliachiwa baadaye kwa sharti la kuihama nchi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto zikaanzishwa kambi nyingine kabisa katika Poland iliyotekwa: Chełmno, Bełżec, Sobibor na Treblinka. Huko hapakuwa na haja ya mabweni mengi. Watu walishushwa kwenye treni, na baada ya saa chache karibu wote walikuwa wameshauawa kwa gesi. Treblinka peke yake iliua watu kati ya 870,000 na 925,000. Auschwitz ilichanganya yote mawili, kazi za shuruti na mauaji ya gesi. Walipelekwa huko watu wapatao milioni 1.3, wakafa milioni 1.1, na kama milioni 1 kati yao walikuwa Wayahudi. Tunaijua kuliko nyingine kwa sababu ilibakiza watu wa kusimulia.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mfungwa alishindaje kutwa nzima?

Marahaba. Kwanza ilibidi aipate hiyo siku. Treni ilipofika Birkenau, sehemu ya Auschwitz, daktari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, alimtazama kila mtu kwa sekunde chache akaonyesha kwa mkono: huku au kule. Wazee, watoto wadogo na mama zao walikwenda moja kwa moja kwenye gesi. Walioonekana wana nguvu walinyolewa nywele, wakapokonywa kila walichokuja nacho, wakapewa nguo kuukuu na viatu vya mbao ambavyo mara nyingi havikulingana.

Walilala kwenye mabanda ya mbao yaliyotengenezwa kwa ramani ya zizi la farasi 52. Humo waliingizwa watu zaidi ya 400. Alfajiri wote walitoka nje kuhesabiwa, iwe mvua, iwe theluji. Waliokufa usiku nao walibebwa na kulazwa pamoja na wenzao, maana hesabu ilitakiwa itimie. Kisha kazi kama saa 11: kuchimba mitaro, kubeba matofali, viwandani. Kila kikosi kilikuwa na nyapara, mfungwa mwenzao aliyepewa fimbo na mkate wa ziada. Wako manyapara waliowaua wenzao kwa kipigo, na wako wachache waliowaficha wagonjwa.

Chakula? Asubuhi maji meusi yaliyoitwa kahawa, mchana supu ya tanipu, jioni mkate wa gramu 300 hivi na kipande cha majarini au soseji. Hapa ndipo utaielewa kambi, mwanangu. Asiye na bakuli hakupata supu, kwa hiyo bakuli lilifungwa kiunoni mchana na kuwekwa chini ya kichwa usiku, lisiibwe. Na foleni ilikuwa na hesabu zake: juu ya pipa ni maji matupu, viazi vimezama chini. Ukiwahi sana unakunywa maji, ukichelewa sana pipa limekwisha. Watu waliokuwa mawakili na maprofesa walisimama wakipiga hesabu hiyo kila mchana. Viatu vilikuwa hivyo hivyo. Kidonda cha mguuni kilivimba, mguu ukashindwa kutembea, na asiyeweza kutembea alichaguliwa kwenda gesi katika ukaguzi uliofuata.

Namba ya mkononi, ilichorwa kambi zote? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, Auschwitz na kambi ndogo zilizokuwa chini yake tu. Tena ni kwa walioandikishwa kufanya kazi. Waliotoka kwenye treni kwenda gesi hawakupewa namba, wala majina yao hayakuandikwa kambini.

Walikuwa wengi kuliko walinzi. Kwa nini hawakupigana? (Mwalimu wa historia, Iringa)

Swali hili linaulizwa kwa wepesi mno, niwie radhi mwalimu. Hebu tazama wanajeshi wa Kisovieti waliotekwa na Wajerumani. Walikuwa vijana wenye mafunzo ya vita, na zaidi ya milioni 3 walifia mikononi mwa Wajerumani, wengi kwa njaa na baridi. Sijaona mtu akiwauliza wao kwa nini hawakupigana. Mzazi aliyeshuka na watoto baada ya siku kadhaa ndani ya behewa la mizigo, bila maji, akiambiwa anakwenda kuoga, angepigana na nani, na kwa silaha gani?

Na walipigana. Treblinka waliasi tarehe 2 Agosti 1943. Sobibor walingoja hadi 14 Oktoba mwaka huo huo. Aliyeongoza mpango ni Aleksandr Pechersky, ofisa Myahudi wa jeshi la Kisovieti, pamoja na Leon Feldhendler. Waliwaita maofisa wa SS karakana moja moja, kila mmoja na saa yake, kwa kuwa waliijua tamaa yao ya nguo nzuri na usahihi wao wa kufika kwa wakati. Naibu mkuu wa kambi, Johann Niemann, aliingia kwa mafundi cherehani kujaribu koti lake jipya, akapigwa shoka. Wafungwa kama 300 walitoka wakipita kwenye mabomu ya ardhini. Walioishi hadi vita vinakwisha hawakuzidi 60.

Auschwitz kwenyewe, wasichana wa Kiyahudi wa kiwanda cha risasi waliiba baruti kidogo kidogo, wakaificha ndani ya nguo. Tarehe 7 Oktoba 1944 wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti waliasi na kuliteketeza jengo moja la matanuri. Roza Robota na wenzake watatu walinyongwa tarehe 6 Januari 1945. Wiki tatu baadaye Wasovieti waliingia.

Je, kuna mtu wa kwetu aliyefungwa huko? (Msomaji, Temeke)

Yuko, ingawa hakuwa Myahudi. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Hakuupata. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia Sachsenhausen Novemba 1944.

Na msidhani Afrika ilisalimika. Libya, chini ya Waitalia, Wayahudi wapatao 2,600 walifungwa Giado, na zaidi ya 500 wakafa kwa njaa na tifasi, homa kali inayoenezwa na chawa.

Walipokombolewa walirudi makwao? (Msomaji, Muscat)

Wengi hawakuwa na kwao tena. Januari 1945 wafungwa zaidi ya 56,000 walitolewa Auschwitz kwa miguu kwenye theluji, aliyeanguka akapigwa risasi. Wasovieti walikuta kama 7,000 tu. Waingereza walipoingia Bergen-Belsen tarehe 15 Aprili walikuta watu kama 60,000, na zaidi ya 13,000 kati yao walikufa baada ya kukombolewa: tifasi, udhaifu, na wengine chakula kizito ambacho matumbo yao hayakukiweza.

Waliorudi Poland walikuta wageni ndani ya nyumba zao. Tarehe 4 Julai 1946, mjini Kielce, Wayahudi 42 waliuawa na umati, askari na polisi wakiwemo. Basi maelfu walirudi Ujerumani, nchi ya waliowatesa, kukaa kwenye kambi za wakimbizi wakisubiri viza za Palestina au Marekani. Ya mwisho, Föhrenwald karibu na Munich, ilifungwa mwaka 1957.