Kabla hujanunua gia boksi, pima betri kwanza

Mwaka jana gari yangu ilinigomea Waiyaki Way, pale kwa mlima kabla ya Kangemi, saa moja asubuhi, mvua inanyesha na matatu nyuma yangu zinapiga honi utadhani nimepaki hapo kwa raha zangu. Injini inanguruma lakini gia hazibadiliki, gari inatambaa tu. Kwa dashibodi taa ya injini imewaka, ya betri inawaka inazima, na hiyo ya betri hata sikuijali.

Fundi wa kwanza alichomeka kamashine kake ka kusoma shida za gari, ikatoa namba ya shida P0700, akatikisa kichwa: gia boksi imeisha, tafuta ya eksi-Japani, laki moja na ishirini na kazi yake juu. Nikaanza kupigia watu wa chama simu. Kumbe P0700 haisemi gia boksi imekufa! Inasema tu kompyuta ya gia imeona shida, na hiyo shida yenyewe lazima uisome ndani ya kompyuta ya gia, na hivi vimashine vya bei rahisi vingi vinasoma ya injini peke yake.

Jirani akanipeleka Ngara kwa fundi wa waya, mzee mpole hivi. Gia boksi hakuigusa. Aliweka mita kwa betri injini ikiwa inanguruma, ikasoma volti 11.9.

"Kijana, hii alteneta inachaji nani?"

Alteneta ndiyo inachaji betri injini ikiwa inanguruma, na mita inafaa isome kama 13.8 hadi 14.5. Halafu akafuata waya wa athi, ule mnene unatoka kwa betri kwenda kwa bodi, akauvuta kidogo tu ukambakia mkononi, mwisho wake umejaa unga wa kijani. Akanieleza gia za otomatiki zinaendeshwa na valvu za umeme humo ndani, volti zikishuka kompyuta inachanganyikiwa inafungia gari kwa gia moja isijiharibu. Alteneta ya mtumba, waya mpya, nikalipa elfu kumi na tatu. Gia boksi ni ile ile mpaka leo.

Sisemi kila gia boksi inasingiziwa. Ukiweka D gari inasita halafu inaruka kwa kishindo, ama oili imekuwa nyeusi na inanuka kuungua, hiyo ni gia boksi kweli, peleka. Na wa CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, msicheze kabisa, oili yake si ATF, ile oili ya kawaida ya gia za otomatiki, kuna mafundi wanamwaga chochote kilicho kwa debe ati oili ni oili, ukisikia hivyo chukua funguo zako uende. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani piga picha simu ikutafsirie, aina ya oili iko humo.

Mita nilijinunulia Luthuli Avenue, inakaa kwa buti na spana.

Juzi shemeji alinipigia akiwa Rongai, ati gia zimekataa. Nikamuuliza kama taa ya betri inawaka. Akanyamaza kidogo.

"Hiyo si imekuwa ikiwaka tangu Krismasi?"