Hukumu Usiyoifungua Usiinukuu

Zamani wakili wa Kigoma akihitaji hukumu ya Mahakama ya Rufani alikuwa anampigia rafiki yake Dar amtumie nakala, au anaikumbuka akiwa ameshapanda treni kwenda Tabora, maana rufaa zetu za Mahakama Kuu zilikuwa zinasikilizwa huko. Yote nimeyapitia. Leo nafungua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, nikiwa Mwanga hapa Kigoma mjini nasubiri chai, na hukumu naisoma bure. Kwa hiyo kijana akiniambia Kigoma hakuna vitabu, namwangalia tu.

Shida yetu ya sasa ni nyingine.

Kijana mmoja wa ofisini kwangu aliandaa hoja za maandishi kujibu pingamizi la ukomo wa muda, yaani kwamba shauri letu lilifunguliwa kwa kuchelewa. Zilinyooka mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Ndani kulikuwa na hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyotufaa kabisa: majina ya wadaawa (pande za kesi), namba, mwaka, hata aya imenukuliwa. Nikaitafuta. Namba ile ilikuwa ya rufaa ya jinai, na majina yale hayakuwepo popote.

"Umeitoa wapi hii?"

"Akili mnemba, bosi."

"Uliifungua?"

Akaanza kupangapanga mafaili.

Sikumfokea sana, kwani wakubwa zake wameshaumbuka. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili wawili na kampuni yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu zilizotungwa na ChatGPT. Upande wa pili ulizitafuta ukazikosa.

Akili mnemba naitumia mwenyewe, kupanga tarehe za matukio au kupata pa kuanzia kutafuta. Ila hukumu haiingii kwenye hoja zetu mpaka aliyeileta awe ameisoma yote, hadi amri ya mwisho. Ile aya tamu uliyoidaka mara nyingi ni maneno ya wakili aliyeshindwa; jaji anayarudia kwanza, kisha ukurasa unaofuata anayakataa. Ukishaisoma, angalia kama Rufani yenyewe haijaacha kuifuata baadaye. Na vifungu vya sheria pia: Toleo la Sheria zilizofanyiwa urekebu la 2023 limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Mashine bado inakupa za zamani, tena bila kusita.

Nyaraka za mteja usizibandike humo. Bibi wa Ujiji aliyeniachia hati ya kiwanja ndani ya mfuko wa rambo aliniamini mimi.

Halafu kusajili mashauri mtandaoni. Kanuni za mwaka 2018 zinakuruhusu kuwasilisha hata usiku, na hapo ndipo tunapojidanganya. Mimi nilisubiri siku ya mwisho. Saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika, kompyuta ikazima, simu ina chaji kidogo. Nikachukua bodaboda hadi gesti moja yenye jenereta, nikamwomba dada wa mapokezi soketi moja. Faili likagoma kupanda kwa ukubwa wake. Nilikuwa nimeskani kwa rangi, kurasa zote. Nikaanza upya kwa nyeusi na nyeupe, dada anachungulia saa ya ukutani kuliko mimi. Kontroo namba ya kulipia ada ilitoka saa tano na nusu usiku. Siku hizi naskani nyeusi na nyeupe, na nawasilisha siku tatu kabla.