Mpango wa kuwasaidia watoto wa mazingira magumu: andika orodha mbili, si moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya serikali, Moshi, upande wa chini kwenye mashamba ya mpunga. Tuna wanafunzi 640 na walimu 11. Kuna mtu aliyesoma hapa zamani, sasa ni mfanyabiashara huko Arusha, ameahidi sh 3,000,000 kwa ajili ya watoto wa mazingira magumu, ila anataka kwanza aone mpango ulioandikwa. Mwalimu mkuu amenitupia mimi. Tumewaza tuchague watoto 60 maskini zaidi, nusu ya fedha tuwashonee sare, na nusu iwe posho ya walimu watakaowafundisha rimedio, yaani masomo ya ziada kwa walio nyuma, kila jioni, saa 9:30 hadi 11:00. Tuwachagueje bila kuleta maneno mtaani? Na mpango wenyewe uandikweje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na kabla ya kufika kwenye kuchagua nakuomba uifute hiyo orodha ya 60. Maskini wapo kweli, tena huenda wakazidi 60. Kasoro ni kwamba umewaweka kwenye daftari moja watu wa aina mbili: mtoto asiye na kitu nyumbani, na mtoto asiyejua kusoma. Mara nyingi ni mtoto yuleyule, lakini si kila mara. Yupo yatima anayelelewa na bibi yake na anaongoza darasa la tano. Huyo ukimpeleka rimedio unampotezea jioni yake, anachokosa ni viatu na daftari. Yupo pia mtoto wa mwenye duka, sare imepigwa pasi, yuko darasa la nne na silabi zinamshinda. Kwenye orodha yako ya 60 huyu hayumo kabisa.

Wenzetu wa Marekani walishalipitia hili. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1965 hupeleka fedha za shirikisho kwenye shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Lakini fedha zikishafika, shule inayolenga watoto maalumu haiwachagui kwa umaskini wa wazazi, inawachagua kwa kuwa wako nyuma kimasomo. Na pale ambapo watoto maskini wanafika asilimia 40 au zaidi, shule inaweza kuzitumia fedha hizo kuinua shule nzima. Umaskini unaamua fedha ziende shule gani. Nani akae kwenye kundi gani ni jambo la kupima. Mfadhili wako ameshaichagua shule. Kazi ya kupima imebaki kwenu.

Basi anza na orodha ya masomo. Chukueni darasa la tatu, la nne na la tano. Tuseme ni watoto 280. Kila mtoto aitwe peke yake, akae na mwalimu mmoja chini ya mti au kwenye veranda, asome kwa sauti. Karatasi iwe na ngazi tano: herufi, silabi, maneno, aya fupi, hadithi. Mnaandika ngazi ya juu aliyoiweza bila kusaidiwa, basi. Dakika nne kwa mtoto zinatosha. 280 mara 4 ni dakika 1,120, yaani chini ya saa 19. Mkigawana walimu watano, kila mmoja hafiki saa nne. Siku mbili za asubuhi kazi imekwisha. Hesabu mpime hivyohivyo: kutambua namba, kujumlisha, kutoa kwa kukopa, kuzidisha.

Aya hiyo itungeni wenyewe, msitoe kwenye kitabu cha kiada. Nalisema hili kwa sababu niliwahi kudanganyika mchana kweupe. Nilipokuwa nafundisha darasa la tatu hapa Arusha, kulikuwa na kijana mmoja mchangamfu, kila nikimnyooshea kidole anasimama na kusoma ukurasa wote bila kukwama. Siku moja nikafunika picha kwa kiganja. Akaendelea kusoma. Nikafunua ukurasa mwingine. Akaendelea na maneno ya ukurasa ule wa kwanza! Nikamwambia, "Hebu nionyeshe neno kuku liko wapi." Akaweka kidole juu ya picha ya kuku. Muhula mzima alikuwa akiukariri ukurasa kwa kuwasikiliza wenzake, na mimi nilikuwa nikimpigisha makofi.

Mkiona mtoto anasogeza karatasi puani, au anageuza sikio moja kila mkimsemesha, msimwandike "mzito" kwanza. Mko Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya macho, na mzazi akipewa barua ya shule anakwenda. Mtoto mmoja akipata miwani, umeokoa muhula mzima wa rimedio.

Sasa hiyo rimedio ya jioni. Sikubaliani nayo, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni watoto. Saa 9:30 mtoto mnayemtaka ndiye ambaye hajala tangu asubuhi, ndiye anayetembea mbali zaidi, na kwenu huko, mpunga ukianza kubeba, ndiye anayesubiriwa shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Atakuja wiki ya kwanza, ya tatu hayupo. Ya pili ni posho. Kitu kilichoanza kwa posho hufa na posho. Fedha za mfadhili zikiisha Septemba, Oktoba hakuna mwalimu atakayebaki, na simlaumu.

Ingizeni kazi hii ndani ya ratiba. Tengeni kipindi kimoja cha dakika 40 kila siku, saa ileile kwa madarasa yote matatu, na katika kipindi hicho darasa livunjwe: watoto wakae kwa ngazi zao, si kwa madarasa yao. Wa tano asiyejua silabi akae na wa tatu asiyejua silabi. Shirika la Pratham la India limeifanya njia hii kwa miaka mingi, imepimwa na watafiti na imeonekana inafanya kazi, na haihitaji mitambo. Dakika 40 kwa siku tano, kwa wiki 10, ni dakika 2,000, kama saa 33 za kufundishwa kile hasa asichokijua. Ungekuwa mtoto wa darasa la tano asiyejua kusoma, mara ya mwisho kupata saa 33 za namna hiyo ilikuwa lini?

Kipindi hicho kisiwe cha kwanza asubuhi. Walio nyuma ndio haohao wanaochelewa. Kiwekeni baada ya uji wa saa nne (nitaufikia kwenye fedha), wote wameshafika na tumbo lina kitu.

Kundi la chini kabisa apewe mwalimu wenu aliye bora kuliko wote katika kufundisha sauti za herufi. Hapa utapata ugomvi, nakuambia mapema. Mwalimu hodari anataka la saba, maana matokeo ya la saba ndiyo yanayosomwa kwenye vikao vya kata, na mwalimu mkuu naye anamtaka huko. Mwambie ni kipindi kimoja tu kwa siku, la saba halimpotezi. Kundi hilo lisizidi watoto 25 kama mnaweza. Walio kwenye aya na hadithi wanaweza kuwa 60 na mwalimu mmoja, wasome vitabu wawili wawili, wasimuliane.

Na makundi msiyape majina ya wanyama. Simba, Twiga, Sungura, watoto wanang'amua siku ya kwanza nani ni Sungura. Semeni tu "waliopo kwa mwalimu fulani".

Turudi kwenye orodha ya pili, ya mahitaji. Hii ndiyo inayoleta maneno, kwa hiyo isitengenezwe na mtu mmoja. Mnazo kumbukumbu tatu mkononi. Kuna rejesta ya mahudhurio: piga mstari chini ya kila aliyekosa zaidi ya siku moja kati ya tano. Kipimo hicho si changu. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, katika mpango wake wa kunusuru kaya maskini huwataka watoto wa kaya zinazopokea ruzuku wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na fomu zake mnazijaza nyie wenyewe. Kuna kaya zenyewe za TASAF, ambazo ofisi ya mtaa au kijiji inazijua. Halafu kuna walimu wa darasa, wanaojua nani anaazima kalamu kila siku na nani anavaa shati la kaka yake. Jina likitokea kwenye mbili kati ya hizo, liingie. TASAF peke yake isiwe mlango, maana wapo wenye shida ambao hawakuandikishwa. Afisa ustawi wa jamii aione orodha, kamati ya shule ithibitishe idadi bila kusomewa majina, na daftari likae kwenye kabati la mwalimu mkuu. Isibandikwe ukutani hata siku moja.

Wala msigawe mstarini. Katika shule moja niliyofundisha tuliita watoto 14 mbele, mgeni akapiga picha, kila mmoja na sweta lake. Jumatatu iliyofuata binti mmoja hakuja. Nilipomfuata nyumbani, mama yake alinirudishia sweta likiwa limekunjwa vizuri kwenye mfuko wa rambo, akasema, "Mwalimu, wanamwita yatima, na mimi niko hai." Sikuwa na jibu. Siku hizi nasema hivi: mpeni mzazi, ofisini, siku ya kawaida, kama vile amekuja kuuliza maendeleo ya mtoto.

Kuhusu fedha, ningegawa hivi, nawe rekebisha kwa bei za kwenu. Sh 1,200,000 ziende kwenye uji. Nashangaa hamkuutaja. Wazazi wengi watachangia debe la mahindi baada ya mavuno. Pengo ni ile miezi ambayo ghala zimekauka, na hapo ndipo fedha za mfadhili zinunue unga na sukari ili watoto wote wanywe, si wale 60. Mtoto hajulikani ni maskini akiwa kwenye foleni ya shule nzima. Mzazi asiye na mahindi alete kuni au aje apike zamu. Sh 600,000 ziende kwenye vifaa vya kusomea: vitabu vya hadithi fupi, manila, maka peni. Kadi za silabi kateni kwenye maboksi ya dukani, zinadumu kuliko manila. Sh 500,000 ziwe za madaftari, kalamu, viatu, sweta kwa wachache sana walio hoi, na taulo za kike kwa mabinti wa la sita na la saba. Zinabaki 700,000. Msizitumie. Zikae hadi mpime tena, ndipo mtajua zinakohitajika.

Utaniuliza, ruzuku ya serikali je? Kwa utaratibu uliokuja na elimu bila malipo mwaka 2016, ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sh 6,000 kati yake ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Kwa watoto 640 ni sh 3,840,000, yaani 320,000 kwa mwezi ikija yote, na ina mafungu yake: chaki, mitihani, ukarabati, uendeshaji. Sare haimo. Basi usiiandike kwenye mpango huu kama chanzo, ila manila na maka peni vinaweza kutoka humo mkipanga mapema. Fedha za mfadhili ziingie akaunti ya shule, kamati ikae, muhtasari uandikwe. Zisipite kwenye simu ya mtu, hata ya mwalimu mkuu, hata kama ni mlokole.

Suala la kuamia ndege msilipigie mbiu ya utoro tu. Mzazi mwenye jaruba moja la mpunga anaona kwelea wakila ada ya mwakani. Kaeni na wazazi hao kabla mpunga haujatoa masuke, mwombeni mwenyekiti wa kitongoji awepo, mkubaliane majirani wapokezane zamu ili mtoto afike shule walau kwa uji na kipindi kile cha kusoma. Si kamili, najua. Lakini mtoto anayekuja saa nne ni bora kuliko yule asiyekuja wiki sita, na wa namna hii mkimwandikia "mtoro" mnamfukuza kwa kalamu.

Mpango wenyewe uwe kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: watoto wangapi wako ngazi gani leo, kwa kila darasa, na wangapi wanakosa zaidi ya siku moja kati ya tano. Ukurasa wa pili: kipindi, walimu, makundi, fedha, tarehe ya kupima tena. Usiandike "kuinua kiwango cha ufaulu". Andika, mfano, "watoto 48 wa darasa la nne hawasomi aya, baada ya wiki 10 tunataka wasizidi 25." Wala usimpe mfadhili wastani wa darasa. Wastani hupanda vizuri sana siku ambayo watoro hawakuja kufanya mtihani.

Wiki ya kumi wapimeni tena kwa karatasi ya ngazi zilezile, aya nyingine, na mwalimu asiyewafundisha ndiye apime. Aliyepanda ahamie kundi la juu siku hiyohiyo. Aliyebaki palepale, hasa kama alihudhuria vizuri, muite mzazi, angalieni macho na masikio, muulizeni analala saa ngapi. Hao ndio mtakaowafungulia zile 700,000.