Usimpigie opereta: kikao chako cha TSO bado kiko hai

Usimpigie opereta. Nimesoma swali lako hadi pale ulipoandika kwamba umeme ukikatika huko Malindi na meinifremu, ile kompyuta kubwa ya mbali unayoitumia kupitia mfumo wa TSO, ikakataa kukupokea tena, utakuwa unawaomba maopereta wanaoiendesha "wakiue kile kikao cha zamani ili nianze upya", na hapo chai yangu ikapoa mezani. Najua umeuliza pia namna ya kuzirudisha skrini zako nne za ISPF, yaani menyu na kihariri unachofanyia kazi ndani ya TSO, jinsi ulivyoziacha, na kama inafaa ofisi yenu inunue programu ya kusimamia vikao. Hayo yatangoja siku nyingine. Kwanza weka simu chini.

Mimi niko Lamu, na kosa unalotaka kulifanya nimekwisha kulifanya kwa niaba yetu sote. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kufanya kazi kutoka nyumbani, nikihudumia mfumo wa malipo wa taasisi moja iliyo ng'ambo. Tangu baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nimeketi na faili moja la JCL, maagizo ya kuendesha kazi kwenye meinifremu, nikibadilisha majina ya faili za data katika mistari zaidi ya 600, na kwa kuwa sikutaka kuandika juu ya toleo la zamani kabla kazi haijakamilika, sikuwa nimetoa amri ya SAVE hata mara moja. Karibu na adhuhuri umeme ukakatika. Kompyuta yangu ilikuwa na betri lakini ruta haikuwa nayo, hivyo skrini yangu ikafa, huku mashine iliyo mbali kabisa ikiendelea kunitunzia kazi yangu yote bila kujua kwamba mtaa wetu umeingia giza.

Baada ya dakika 20 hivi jirani mwenye jenereta akanirushia waya dirishani. Nikajaribu kuingia, nikapokewa na ujumbe IKJ56425I: ombi limekataliwa, jina hili linatumika. Ujumbe huo ulikuwa habari njema kuliko zote nilizopata siku ile, nami nikausoma kama tusi. Jina langu lilikuwa linatumika kwa sababu kikao changu kilikuwa bado kimo ndani ya mashine, na faili langu liko wazi, na mistari yangu 600 imo. Nilikuwa kama mtu ambaye jahazi lake limetia nanga salama nje ya gati, kilichompotea ni kidau cha kumfikisha huko tu, naye akapiga kelele jahazi lizamishwe ili apewe jingine.

Basi nikampigia opereta. Bwana yule, Mungu amlipe, aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia afanye haraka kwa sababu nina kazi nyingi. Akaandika amri ya CANCEL na jina langu, na kwa amri hiyo moja eneo lote la kumbukumbu nililogawiwa na mfumo likabomolewa pamoja na kila kilichokuwamo. Nikaingia bila kizuizi chochote. Faili lilikuwa kama nilivyolikuta alfajiri.

Aliyenifundisha jambo hili ni mkufunzi wa kozi niliyoilipia kwa pesa zangu mwenyewe, aliyekuwa akisema kwa madaha kwamba ukiambiwa jina lako linatumika, "piga simu wakiue, ni sekunde moja". Ni kweli kwamba ni sekunde moja. Hakusema kwamba baada ya sekunde hiyo utakesha hadi saa tisa za usiku ukirudia kazi ya asubuhi nzima, wala hakutaja kwamba katika ukurasa uleule wa kuingilia, chini ya mahali pa neno la siri, pamekaa neno Reconnect, na kwamba unachotakiwa ni kuweka herufi S mbele yake kisha ubonyeze Enter. Nililipia kozi ya wiki sita, na hiyo herufi moja haikuwamo. Punda wa jirani akifungwa kwenye kigingi hungoja mwenyewe arudi, kwa hiyo siku ile katika mtaa wetu sikuwa kiumbe mwenye akili nyingi zaidi.

Elewa kinachotokea, ili usije ukadhani ni uchawi. Mawasiliano yakikatika, TSO haikutupi papo hapo, bali hukuhesabu kuwa umetengana na kituo chako na kukupa muda wa kurudi. Muda huo huwekwa na wasimamizi kwa kigezo kiitwacho RECONLIM, ambacho kikiachwa bila kuguswa ni dakika 3, na wengi hukiongeza. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba pale kwetu ulikuwa umewekwa dakika 60. Mimi nilirudi baada ya dakika 20. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimekwisha kuifanya mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu.

Inawezekana pia kwamba ukirudi haraka sana, mashine bado inaamini uko pale pale mezani, kwa sababu kukatika kwa umeme wa Malindi hakuitumii taarifa yoyote. Kama wasimamizi wenu wameiacha LOGONHERE ikiwa imewashwa, S hiyohiyo itakuhamishia kikao kwenye skrini mpya. Kama wameizima, subiri kidogo ujaribu tena. Ukifanikiwa utaona maneno LOGON RECONNECT SUCCESSFUL, na skrini ikibaki tupu bonyeza kitufe cha PA2 ili ichorwe upya. Usibonyeze PA1, kwani hiyo ni ya kukatiza kazi.

Hapa kuna jambo lililonitia uchungu wa pili. Nilikuwa na hakika kwamba hata baada ya CANCEL nitaokolewa na RECOVERY ON, ambayo huifanya ISPF iandike mabadiliko yako pembeni na, ukifungua tena uhariri, ikuulize kama unataka kuyarejesha. Nilikuwa nimeiwasha wiki nyingi kabla. Lakini niliiwasha nikiwa ndani ya faili la programu ya lugha ya COBOL, na mpangilio huo hukaa katika profaili ya uhariri ambayo kwa kawaida hufuata neno la mwisho la jina la faili. Faili langu la siku ile liliishia kwa CNTL, likawa na profaili yake nyingine, na humo RECOVERY ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo fungua faili la kila aina unayoitumia, andika PROFILE kwenye mstari wa amri, na usome kwa macho yako. Hata ikiwa imewashwa, kumbuka kwamba kituo cha 3270, ile skrini ya meinifremu unayoandikia, huhifadhi unachoandika kwake mwenyewe hadi ubonyeze Enter au kitufe kingine cha kutuma. Ukijaza skrini nzima bila kubonyeza, mashine haijaiona hata herufi moja, na hakuna amri duniani itakayokurudishia.

Usitafute amri ya kuhifadhi kikao kizima, maana TSO haina. CTSS, mfumo wa zamani wa kompyuta wa chuo cha MIT ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, ulikuwa na amri za SAVE na RESUME zilizoihifadhi programu yako ilivyo kwenye kumbukumbu na kuiendeleza baadaye. SAVE ya kwenye uhariri wa ISPF huhifadhi faili tu. Kikao chenyewe huishi mradi hakuna aliyekiua, na anayekiua mara nyingi ni mwenye nacho akiwa na simu mkononi.

Leo kabla umeme haujakatika, mwulize msimamizi wenu RECONLIM yenu ni dakika ngapi, uiandike kwenye karatasi uibandike ukutani. Ukikataliwa kuingia, weka S, na ukikataliwa tena ukiwa bado ndani ya muda huo, leta hapa namba kamili ya ujumbe uliouona kabla hujamgusa opereta. Mimi huwa macho hadi usiku, kwa sababu tunazozijua.