Lami ya kutoka geti mpaka kwa nyumba: ninunue tani ngapi?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Niko hapa Mukono nataka kuweka lami kutoka geti mpaka kwa nyumba. Njia ni futi 60 kwa 12, halafu pale gari linapogeuzia futi 20 kwa 20. Yule wa kuniwekea ananiambia tu "tripu mbili mama, usijali", nikimuuliza tani ngapi anacheka. Nitajuaje sipigwi?

JIBU: Asante mama. Tripu siyo kipimo bana, kuna tipa ndogo na kuna zile za magurudumu kumi, sasa tripu mbili za nini? Lami inauzwa kwa tani, na hesabu yake unaweza kufanya mwenyewe kwa simu. Njia yako ni 60 mara 12, futi za mraba 720, ongeza 400 za kugeuzia unapata 1,120. Zidisha kwa 0.093 igeuke mita za mraba, inakuja kama 104. Kama karibu na geti njia inapanuka, pima upana sehemu tatu uchukue wastani.

Sasa unene, na hapa ndipo watu wanaliwa. Kwa gari za nyumbani sentimita 5 zinatosha, lakini ni 5 baada ya rola kupita, siyo kabla, maana lami ikishindiliwa inashuka karibu moja ya tano hivi, kwa hiyo fundi akimwaga 5 akakuonyesha na rula, ukalipa ukaingia ndani, ujue umebaki na 4 tu! Inatakiwa amwage 6 na kitu. Andikeni kwenye makubaliano "sentimita 5 iliyoshindiliwa", hivyo hivyo.

Basi 104 mara 0.05 ni mita za ujazo 5.2, na mita moja ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa tani 2.4 hivi, kwa hiyo tani 12.5. Weka kidogo ya kupotea pembeni, agiza 13. Kwa sentimita 4 ingekuwa tani 10, sasa ona hizo tani mbili na nusu zinaishia wapi. Lori likifika omba karatasi ya mizani kabla halijamwaga.

Lakini mimi ningeanza kuuliza ya chini kwanza. Murramu (ule udongo mwekundu wa changarawe) ya sentimita 15 iliyoshindiliwa vizuri, kwako ni kama mita za ujazo 20 ikiwa bado kwenye lori, halafu juu yake bitumeni ya kupaka, yaani lami ya majimaji isiyo na kokoto, lita moja hivi kwa mita ya mraba. Chini pakiwa laini hata lami nene itapasuka. Na tengenezeni mteremko maji yatoke nje, mvua ya Mukono unaijua. Siku kukiwa na mawingu mazito ahirisha tu, lami ikipoa kabla rola haijamaliza haishiki tena.